Mbuzi Moja, Michoro Saba: Kuandaa Michoro ya Hataza ya Umbo kwa Marekani

Maswali ninayoulizwa kuhusu michoro ya hataza ni yale yale. "Nimepiga picha tano kwa simu, zinatosha?" "Nyuma hakuna kitu, nako nichore?" "Mkaguzi kaniandikia kwamba michoro yangu haipatani, ana maana gani?" Nimeyajibu kwa simu na kwa ujumbe hadi nikaona niyaandike yote pahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili fundi anayeanza leo asipoteze miezi kwa kosa ambalo lingegunduliwa kwa rula na nusu saa ya utulivu.

Ninazungumzia ofisi ya hataza (patent) ya Marekani, USPTO, ambayo mkaguzi wake ndiye anayeipitia michoro yako, na ile hataza inayolinda sura ya kitu, si namna kinavyofanya kazi. Hapa nitaiita hataza ya umbo. Ikitolewa hudumu miaka 15 tangu siku ya kutolewa, na katika muda huo hakuna ada ya kuiendeleza. Ni ulinzi mzuri kwa mbunifu mdogo, ila wote umesimama juu ya michoro.

Mfano wetu utakuwa mbuzi ya kukunia nazi. Nimeichagua kwa sababu aliyekulia pwani anaijua kwa mikono yake, na ina karibu kila kikwazo anachokutana nacho mchoraji: inakunjwa, ina meno, ina tundu, ina ubavu wenye nakshi na ubavu mtupu. Mbuzi ya kawaida haipewi hataza maana si mpya. Tuseme basi umebuni ya kwako: kikalio bapa, kipana nyuma na chenye kupungua kuelekea mbele; tundu la mviringo la kushikia karibu na ukingo wa nyuma; miguu miwili ya ubao inayopishana kama mkasi; waridi lililochongwa ubavu mmoja tu wa kikalio; na ulimi wa chuma wenye meno 11.

Nadharia, kidogo tu

Ombi la hataza ya umbo Marekani lina dai moja, na dai hilo ni sentensi moja: unadai umbo la pambo la kitu fulani kama lilivyooneshwa na kuelezwa. Basi. Hakuna aya za kufafanua kwamba kikalio ni kipana kiasi gani. Mchoro ndio dai. Kila mstari unaochora ni neno umelitamka mbele ya sheria, na mwonekano wa mbele ukisema meno 11 huku wa juu ukisema 12, umetamka mawili yanayopingana. Hakuna anayeweza kujua ulibuni lipi.

Mahakama nayo hutazama michoro hiyo hiyo. Tangu shauri la Gorham dhidi ya White la mwaka 1871, lililohusu mipini ya vijiko na uma, swali limekuwa kama mnunuzi wa kawaida angedanganyika akidhani kitu kimoja ni kingine. Mwaka 2008, katika shauri la Egyptian Goddess dhidi ya Swisa, kitu chenyewe kilikuwa kifaa kidogo cha kung'arisha kucha. Kile cha kwenye hataza kilikuwa na pedi pande tatu kati ya nne. Cha mshindani kilikuwa nazo pande zote nne. Mwenye hataza alishindwa. Anayeniuliza kwa nini achore upande usio na kitu, jibu lake ni hilo: upande mtupu nao ni sehemu ya umbo.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kitu chenyewe kikiwa kimekamilika, au modeli ya kompyuta iliyokamilika.
- Futi, skwea na, ukiweza kupata, kaliperi.
- Karatasi nyeupe za A4 na wino mweusi, au programu ya kuchorea inayotoa mistari safi. Acha pambizo ya sentimita 2.5 juu, 2.5 kushoto, 1.5 kulia na 1.0 chini.
- Daftari la kuchora jedwali la ukaguzi (Hatua ya 5).
- Mtu mmoja ambaye hajawahi kukiona kitu hicho. Usimwoneshe mapema, tutamhitaji mwishoni.

Hatua ya 1. Ligandishe umbo

Amua kwamba umbo ni hili, na kuanzia leo halibadiliki mpaka ombi liwasilishwe. Michoro mingi isiyopatana niliyoiona haikutokana na mkono mbaya. Ilitokana na fundi aliyechora mwonekano wa mbele Januari, akaboresha mguu Februari, kisha akachora ubavu Machi. Kila mchoro ulikuwa sahihi kwa siku yake.

Hapo hapo amua mbele ni wapi, na uandike. Kwa mbuzi, mbele ni upande wa ulimi. Sasa angalia mtego: anayekalia mbuzi anatazama anakotazama ulimi, lakini mchoraji anaukabili ulimi, kwa hiyo kulia kwa mkaaji ni kushoto kwa mchoraji. Katika michoro, kulia ni mkono wa kulia wa anayekitazama kitu kutoka mbele. Tuseme basi kwamba waridi letu lipo hapo, kulia kwa mtazamaji. Andika sentensi hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hatua ya 2. Amua unachodai na usichodai

Mstari mzima unamaanisha "hii ni yangu, naidai". Mstari uliokatikakatika unamaanisha "hii ipo, lakini siidai". Ulimi wa chuma wa mbuzi yetu ni wa kawaida, wa kununuliwa dukani. Ukiuchora kwa mistari mizima, mwigaji atakayeweka ulimi wa umbo jingine amepata mlango wa kutokea. Ukiuchora kwa mistari iliyokatika, dai lako linabaki kwenye kikalio, miguu na waridi. Apple walifanya hivyo kwenye hataza D618,677 ya uso wa simu: kitufe cha chini na mwili wa nyuma vilichorwa kwa mistari iliyokatika, na uso wa mbele ndio uliodaiwa.

Ukishaamua, uamuzi huo ni wa michoro yote. Ulimi uliokatika katika mwonekano wa juu na mzima katika mwonekano wa chini ni kosa zito kuliko mchoro mbovu, kwa sababu haijulikani tena mpaka wa dai lako uko wapi. Na katika maelezo ya maandishi lazima useme wazi kwamba mistari iliyokatika si sehemu ya umbo linalodaiwa.

Tahadhari: mistari iliyokatika haitumiki kuonesha kilichojificha nyuma ya ubao. Fundi aliyesomea uchoraji wa mitambo ana mazoea hayo mkononi, hapa ayaache. Kisichoonekana kutoka pale ulipo, hakichorwi.

Hatua ya 3. Pima

Pima kimo, upana na urefu wa kitu kizima, kisha wa kila sehemu: umbali wa tundu kutoka ukingo wa nyuma, unene wa kikalio, mahali miguu inapopishana. Vipimo hivi havitaandikwa kwenye michoro. Ni vya kwako, vya kuchorea kwa uwiano mmoja.

Hatua ya 4. Chora mionekano sita, kisha wa mshazari

Sita ni mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Wa saba ni wa mshazari, unaoonesha kitu kwa pembe jinsi jicho linavyokiona mezani; mkaguzi huutegemea sana kuelewa mengine. Hiyo sita ichore kwa kipimo kimoja, na fuata kanuni hii ambayo ndiyo roho ya kazi nzima:

- Kimo ni kile kile katika mbele, nyuma, kulia na kushoto.
- Upana ni ule ule katika mbele, nyuma, juu na chini.
- Urefu, yaani kutoka ulimi hadi nyuma, ni ule ule katika kulia, kushoto, juu na chini.

Weka rula juu ya karatasi. Kama tundu liko sentimita 3 kutoka ukingo wa nyuma katika mwonekano wa juu, liwe sentimita 3 katika wa chini. Milimita mbili za tofauti ambazo wewe unaziita uzembe wa kalamu, mkaguzi haziiti hivyo.

Kisha mwelekeo. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitaupitia mmoja mmoja. Katika mwonekano wa kulia, ulimi unaelekea kushoto kwa karatasi na waridi linaonekana. Katika mwonekano wa kushoto, ulimi unaelekea kulia na ubavu ni mtupu. Katika mwonekano wa nyuma, kulia na kushoto vimebadilishana: ubavu wenye waridi sasa uko mkono wa kushoto wa karatasi. Ukichora wa juu ulimi ukielekea chini ya karatasi, ubavu wa waridi uko kulia. Ukichora wa chini ulimi ukielekea juu ya karatasi, ubavu wa waridi bado uko kulia. Usiyaamini maneno yangu tu: shika mbuzi mkononi uigeuze polepole.

Je, mwonekano fulani unaweza kuachwa? Ndiyo. Kama ubavu wa kushoto ni sawa kabisa na wa kulia, au ni taswira yake ya kioo, unaweza kuacha mmoja na kulisema hilo katika maelezo. Upande ulio bapa na usio na pambo lolote nao unaweza kuachwa. Kwa mbuzi yetu ubavu si sawa, maana mmoja una waridi. Nimewahi kuona ombi lililosema "kushoto ni kioo cha kulia" wakati kitu kilikuwa na nembo upande mmoja tu. Sentensi moja iliyonakiliwa kutoka ombi la mtu mwingine ilizua kitu ambacho hakikuwahi kutengenezwa.

Hatua ya 5. Jaza jedwali la ukaguzi

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ni muhimu kuliko zote. Katika daftari andika kila sehemu ya kitu kwenye mstari wake, na mionekano saba juu. Kwa kila kisanduku jiulize: kutoka hapa, inaonekana? Jibu kwanza ukiwa na kitu mkononi, ndipo ulinganishe na mchoro.

Chukua waridi. Kulia: linaonekana. Kushoto, nyuma, juu, chini: halionekani, maana ubavu umesimama wima na limechongwa humo. Na mbele? Karibu kila anayeanza ataandika hapana. Lakini kikalio kinapanuka kuelekea nyuma, kwa hiyo ubavu umelala kwa pembe, na anayetazama kutoka mbele anauona kama ukanda mwembamba wenye waridi lililobanwa. Lazima lichorwe, limebanwa hivyo hivyo. Ukiliacha, mwonekano wa mbele unasema ubavu ni mtupu na wa kulia unasema una ua.

Tundu: juu ndiyo, chini ndiyo kama limetoboka hadi upande wa pili, mshazari ndiyo. Likiwa juu lipo na chini halipo, umechora shimo lisilotoboka, yaani kitu kingine. Meno: yahesabu katika wa juu, yahesabu katika wa chini, yahesabu katika wa mshazari. 11, 11, 11. Hata kama umeyachora kwa mistari iliyokatika, yahesabu.

Hatua ya 6. Tia kivuli

Kivuli hapa kina kazi, si urembo: kinaonesha uso upi ni bapa, upi umepinda, na wapi pako wazi. Duara tupu kwenye kikalio linaweza kuwa tundu, kifundo kilichoinuka au shimo la kina kifupi. Kivuli ndicho kinachoamua. Mistari iliyonyooka sambamba hufaa kwa uso bapa. Nukta nyingi zinazosongamana na kupungua hufaa kwa mpindo. Mwanga uje kutoka kona ya juu kushoto kwa pembe ya digrii 45, na ubaki hapo kwenye michoro yote.

Usijaze weusi mtupu. Weusi kamili hauruhusiwi isipokuwa kuonesha rangi nyeusi yenyewe au tofauti ya rangi.

Hatua ya 7. Kinachokunjwa kichorwe mara mbili

Mbuzi iliyofunguliwa na mbuzi iliyokunjwa ni hali mbili. Usichore miguu iliyofunguliwa kwa mistari mizima na iliyokunjwa kwa mistari iliyokatika juu ya mchoro huo huo, kanuni inakataza. Fanya mchoro wa pekee wa hali iliyokunjwa, na uutaje hivyo katika maelezo.

Hatua ya 8. Futa mabaki

Mistari ya kuunganisha mwonekano mmoja na mwingine, mistari ya katikati, vipimo, mishale: vyote viondoke. Kama ulitumia kompyuta, tazama kwa makini mistari ambayo programu huiweka mahali mpindo unapoanza. Mara nyingi hujitokeza katika mwonekano mmoja na kutoweka katika mwingine, na kwenye karatasi inaonekana kama ukingo halisi. Iondoe kote, au kama ni ukingo kweli, iache kote.

Hatua ya 9. Weka namba na maelezo

Kila mchoro uandikwe FIG. 1, FIG. 2 na kuendelea, kwa herufi na tarakimu zisizopungua sentimita 0.32 kwa kimo. Maelezo ya maandishi yataje kila mmoja kwa jina lake. Soma maelezo huku kidole kiko kwenye mchoro. Ukikuta "mwonekano wa kushoto" unaoonesha waridi, kimoja kati ya viwili hivyo kimekosewa.

Na usichanganye picha za kamera na michoro ya wino katika ombi moja. Ukichagua picha, zote ziwe picha, na kisionekane kitu kingine ila kile unachokidai: mkono ulioshika, meza na nazi vyote vikae nje.

Hatua ya 10. Mwite yule mtu

Mpe michoro yote bila maneno. Mpe udongo wa mfinyanzi, au mwombe tu akueleze kitu hicho tundu kwa tundu, ukingo kwa ukingo. Popote atakapouliza "hapa ni pamepinda au?", mkaguzi naye atauliza. Rekebisha kabla hujawasilisha, maana baada ya kuwasilisha sheria hairuhusu kuongeza kitu kipya kwenye umbo. Hiyo ndiyo sababu ya hatua zote kumi.

Mambo yakiharibika

*Mkaguzi amesema mionekano haipatani, lakini mmoja tu ndio wenye kosa.* Hili lina dawa. Kama mionekano mingine yote inakubaliana, mingine hiyo ndiyo ushahidi wa umbo ulilokuwa nalo tangu mwanzo. Andaa karatasi mbadala yenye mchoro uliosahihishwa, na katika jibu lako taja michoro ipi inaunga mkono sahihisho.

*Haijulikani mchoro upi ni sahihi.* Hapa pagumu. Wakati mwingine mkaguzi hukubali uondoe mchoro wenye utata, au sehemu yenye utata uigeuze kuwa mistari iliyokatika ili itoke kwenye dai. Unapoteza kidogo, unaokoa kilichobaki. Ikishindikana, ni ombi jipya lenye tarehe mpya. Hapo kumbuka mwaka mmoja: Marekani humpa mbunifu miezi 12 tangu alipoonesha umbo lake hadharani mwenyewe. Kama mbuzi yako umeiuza na kuiweka mtandaoni kwa muda mrefu zaidi ya huo, maonesho yako yenyewe yatakuzuia.

*Nimechora mwonekano mmoja tu.* Inategemea kitu. Mwaka 2018, katika shauri la Maatita lililohusu sehemu ya chini ya kiatu, mahakama ya rufaa ilikubali mchoro mmoja, kwa kuwa soli inaweza kueleweka ikitazamwa bapa, kama zulia. Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema kiatu kizima au birika haviwezi kuelezwa kwa mchoro mmoja bapa. Mbuzi iko upande wa birika.

*Nilisajili kwanza KIPI (ofisi ya hataza ya Kenya) au ARIPO (ya kikanda, Afrika), sasa nataka Marekani.* Una miezi 6 tangu tarehe ya ombi la kwanza kudai kipaumbele, yaani ombi la Marekani lihesabiwe kwa tarehe ya lile la kwanza. Umbo utakalowasilisha Marekani lazima liwe lile lile lililoonekana kule. Kama kule ulipeleka picha mbili zisizoonesha upande wa chini, kipaumbele hakiwezi kufunika kilichokuwa hakionekani. Kwa hiyo chora saba tangu ombi la kwanza, hata kama ofisi ya nyumbani haikudai zote.

*Michoro ilikuwa safi, ikafika na ukungu.* Kivuli chenye mistari iliyosongamana mno huungana kikiskaniwa kuingizwa kwenye kompyuta na kuwa doa jeusi. Tenganisha mistari, kisha fungua faili utakalotuma, lichapishe, na ulitazame kwenye karatasi kabla ya kulituma.

*Barua ya mkaguzi imekaa mezani wiki kadhaa.* Kwa kawaida una miezi 3 ya kujibu barua ya kwanza ya ukaguzi. Unaweza kuongeza muda kwa kulipa ada, lakini mwisho ni miezi 6 tangu tarehe ya barua. Ukipita, ombi linahesabiwa limetelekezwa. Anza na jedwali la Hatua ya 5 siku ile ile unapoipokea.